Maji ya Chimala, daraja la Ruaha Mbuyuni

Miaka minane nimepanda basi kati ya Mbeya na Dar es Salaam, na daraja la Ruaha Mkuu nilikuwa nalipita nimelala. Ukishateremka Kitonga masikio yameziba, joto linaingia dirishani, unavua sweta, usingizi unakushika. Unazinduka Mikumi, abiria wanaulizana nani kaona tembo.

Oktoba iliyopita tairi lilipasuka Ruaha Mbuyuni. Konda akatangaza: wa kuchimba dawa wachimbe, hapa tupo tupo kwanza. Nikatembea kwa miguu hadi katikati ya daraja.

Kila lori lililopita nililisikia kwenye nyayo kabla ya masikioni. Mengine yanashuka na shaba ya Zambia na Kongo, mengine yanapanda na mafuta. Milima imekauka rangi ya majivu, mibuyu haina hata jani. Ila chini yangu maji yanakwenda, tena mengi, yanavunjika kwenye mawe.

Hapo nikashangaa, maana mto huu naujua. Mimi ni wa Chimala. Mto wetu unaingia Ruaha Mkuu huko huko bonde la Usangu, Mbeya, na maji yakishapita mashamba ya mpunga yanaingia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha Hifadhi ya Ruaha. Ndani ya hifadhi, mto ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, viboko wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi. Sasa haya yametoka wapi?

Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akipanga vitunguu kwenye neti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mvua hakuna, mbona mto umejaa?”

“Hayo ya Mtera. Wakifungulia, tunayaona.”

Kumbe ndiyo hivyo. Bwawa la Mtera linahifadhi maji ya masika, likiyaachia yanazungusha mitambo yake ya megawati 80, yanapita chini ya daraja hili, yanakwenda kuzungusha ya Kidatu, megawati 204. Basi niliyokuwa nayatazama ni ya masika, huenda na ya kwetu yamo. Ya Oktoba hayakuwemo. Ya Oktoba yako kwenye mifereji yetu.

Sisi wa Usangu tukilaumiwa kwa kukausha mto huwa nakasirika. Mpunga ndio ulionisomesha. Lakini pale darajani nililikumbuka banio letu, lango la kuingizia maji ya mto mferejini: limeachwa wazi usiku kucha, shamba limeshavunwa, maji yanatuama kwenye majani ambayo hayana mwenyewe. Utotoni nilikuwa nacheza humo.

Nikanunua neti ndogo ya vitunguu, nikampigia baba.

“Baba, shikamoo. Banio liko wazi?”

“Marahaba. Liko wazi, kwani vipi?”

“Nimesimama juu ya Ruaha, baba. Naomba ulifunge leo.”

Akanyamaza. Kisha nikamsikia anauliza waliokuwepo nyumbani buti zake ziko wapi.