Kumi, Tano, Kumi

Konda alikishika kikapu kwa mkono mmoja, kikagoma kunyanyuka. Akakishika kwa miwili.

"Mzee, humu mna nini?"

"Mawe."

"Mawe?"

"Ya mizani," mzee karani akajibu, akapanda Coaster bila kugeuka.

Konda akanigeukia mimi. Nikamwambia kama ni nauli ya mzigo nitalipa. Ilikuwa asubuhi ya Machi 2018, stendi ya Moshi, na tulikuwa tunakwenda Arusha kufafanuliwa barua.

Barua yenyewe nilishaisoma mara nne. Kurasa saba za Kiingereza kutoka Harare, yalipo makao ya ARIPO, shirika linalochunguza maombi ya hataza, yaani hati ya kumlindia mvumbuzi uvumbuzi wake, kwa niaba ya nchi zilizojiunga na Itifaki ya Harare ya 1982, Tanzania ikiwemo. Ombi langu lilikwenda mwishoni mwa 2016. Ada nilichangiwa na chama chetu cha msingi cha kahawa, na kwa kuwa kilichanga, kilitaka mtu wake awepo siku ya kuambiwa pesa imezaa nini. Kikamtuma karani wa mizani. Karani naye hakuwa mtu wa kuyaacha mawe ya chama yalale ofisini peke yake. Yaliwahi kuibwa zamani, na hilo alilisimulia kama limetokea juzi. Akasafiri nayo, la kilo kumi na la kilo tano, kayafunga kwenye kanga kuukuu.

Chama kilikuwa na mizani sita za kidijitali, zimetawanyika kwenye vituo vya kupokelea kahawa huko juu migombani. Kila mizani niliifungia kisanduku chini yake, kinarusha kilo hewani mpaka kwenye kompyuta ya ofisi, ili karatasi ya mkulima na daftari la chama visije vikagombana. Hapo hapakuwa na uvumbuzi wowote, vifaa vyote nilinunua dukani. Shida ilikuwa kila msimu. Mizani moja inakufa, nyingine inahamishwa, ngeni inaletwa, na mizani ngeni haijui jina la mtandao, haijui nywila, haijui anwani yake wala kilo zake azipokee nani. Basi fundi anapigiwa simu. Fundi anapanda bodaboda na laptop mgongoni, kwenye utelezi, kwenda kuandika namba ambazo mizani ya jirani inazo zote.

Nikatengeneza njia mizani ngeni ijiunge yenyewe. Inapiga hodi hewani. Mizani za jirani zinaitikia karibu, kila moja na nafasi inayotoa. Ngeni inachagua moja, inasema naomba nikae hapa. Jirani anasema kaa. Hatua nne. Nilijiona nimevumbua kitu, na jina nikakipa: Hodi.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, si mbali na Mnara wa Saa. Wakili alikuwa dada wa makamo, mtu wa kuuliza maswali mafupi. Alimwamkia mzee shikamoo, akamtafutia kiti chenye mgongo, kisha akalitazama lile furushi la kanga sakafuni na asiulize.

"Fundi, umeielewa?"

"Wamekataa."

"Hawajakataa. Mchunguzi anakuuliza. Tuanze dai la kwanza."

Ombi la hataza, kwa asiyelijua, moyo wake ni madai: sentensi ndefu zenye namba, kila moja inachora mpaka wa shamba unalosema ni lako. La kwanza huwa ndilo pana kuliko yote. Langu lilikuwa Hodi yote, hatua nne, bila hata kutaja mizani. Nilitaka shamba la kutoka Kibosho mpaka baharini.

Mchunguzi alikuwa ameweka mbele yangu hati mbili. Ya kwanza ni ile RFC namba 2131 ya Machi 1997, moja ya hati za kanuni za intaneti, iliyoandikwa na Ralph Droms, inayoeleza DHCP, njia ya kifaa kupewa anwani yake kwenye mtandao. Kifaa kinaita, kinapewa pendekezo, kinaomba, kinathibitishiwa. Hodi, karibu, naomba, kaa. Na mimi DHCP naiwasha kwenye ruta za wateja karibu kila siku! Naijua mpaka dalili zake: ukikuta kompyuta ya mteja imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue imepiga hodi na hakuna aliyeitikia. Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ya mtu miaka kumi, halafu nikaenda Harare kuomba hati ya kiwanja.

"Lakini ile ina seva," nikajitetea. "Yangu haina mkubwa. Jirani anamfundisha jirani."

"Ndiyo maana kuna hati ya pili." Ilikuwa hataza ya Marekani ya printa za maofisini, ambamo printa iliyopo inaipa printa mpya mipangilio yake. Mchunguzi hakusema njia yangu imo yote ndani ya hati moja. Alikiri haimo, kwa hiyo kwa kipimo cha upya ilikuwa imepita. Alichosema ni kwamba mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani, akizisoma hati zote mbili, angeziunganisha bila kuumiza kichwa. Dai linatakiwa liwe jipya, na zaidi ya upya liwe na hatua ya uvumbuzi.

Hapo ndipo nilipoumia. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani. Nilimwona kabisa: ana kibanda Double Road, ana laptop iliyokatika bawaba, anakula chipsi mayai saa kumi. Alikuwa mimi.

Dai la sita nilidai programu yenyewe, iliyohifadhiwa kwenye kadi. Wakili alilipitisha kalamu nyekundu hata kabla sijafungua mdomo. Akanieleza kwamba ugomvi wa programu ni wa dunia nzima. Wazungu walioandika Mkataba wa Hataza wa Ulaya kule Munich mwaka 1973 waliziweka kando programu za kompyuta "zikiwa hivyo tu zilivyo", na majaji wamebishana kuhusu maneno hayo tangu wakati huo; na Marekani, katika kesi ya Alice ya 2014, Mahakama ya Juu ilisema wazo tupu haligeuki uvumbuzi kwa sababu tu limepitishwa kwenye kompyuta. "Tusiwape sababu," akasema. Nami sikuwa na nguvu ya kubisha.

"Ulikionyesha popote kabla ya kuomba? Maonyesho, gazetini?"

Nilikuwa niende nacho Nanenane pale Themi, Agosti ya 2016. Kisanduku kikaanguka kwenye bodaboda siku mbili kabla, kikapasuka, nikabaki nyumbani nimenuna. Wakili alicheka kwa mara ya kwanza. "Basi mshukuru huyo bodaboda. Ungekionyesha, leo tungekuwa na kesi nyingine."

Kisha akafungua ukurasa wa sita, akaugeuza unitazame mimi.

"Dai la nne mchunguzi hana hati ya kulipinga."

Dai la nne nililionea haya tangu siku ya kuliandika. Visanduku vyangu vilizibwa kabisa kwa sababu ya vumbi na mvua. Havina kitufe, havina kioo. Sasa mizani ngeni itajuaje kwamba wakati wa kupiga hodi umefika? Inaambiwa kwa mawe. Unaweka la kumi, unatoa. Unaweka la tano, unatoa. Unaweka la kumi tena. Mizani ikisoma kumi, tano, kumi, ndani ya dakika moja, inaanza kuita. Kwangu huo ulikuwa ujanja wa fundi aliyekosa pesa ya vitufe visivyopitisha maji. Mchunguzi aliandika kwamba hakuna alichokipata kinachoonyesha wala kudokeza uzito unaojulikana, ukiwekwa kwa mpangilio, kuwa ndiyo amri ya kifaa kujiunga na mtandao. Aliuliza jambo moja tu: je, gunia la mkulima likiwa na kilo kumi kamili?

Mzee karani, aliyekuwa kimya muda wote huo, Kiingereza chote kikimpita juu ya kofia, aliposikia swali hilo kwa Kiswahili aliinama, akafungua kanga. Akaliweka jiwe la kumi juu ya meza ya wakili. Meza ikalia.

"Gunia ni gunia," akasema. "Leo kumi na gramu mia mbili, kesho tisa na nusu. Na likitokea la kumi, mwambie huyo bwana wa Harare, hakuna mkulima anayeleta kumi, anatoa, analeta tano, anatoa, anarudisha kumi. Huyo atakuwa amerogwa." Akaendelea kuyaweka na kuyatoa, polepole, kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya kupokea debe la kwanza.

Wakili aliandika. Kisha, bila kuinua kichwa: "Fundi, hili la mawe ulilipataje?"

Ningeweza kusema lilinijia tu.

Ilikuwa msimu wa 2015, nimechuchumaa chini ya mizani na bisibisi, natafuta pa kutoboa kitufe, nalaani. Mzee amesimama juu yangu na daftari. Akasema, "Mwanangu, hicho chombo kinajua neno moja tu, uzito. Wewe unataka kukisemesha kwa kidole cha nini? Kisemeshe kwa jiwe." Nikacheka. Usiku nikaiandika. Na kwenye fomu, penye mvumbuzi, nikaandika jina moja.

Niliyasema hayo pale mezani, nikiangalia jiwe.

"Mimi nilisema tu," mzee akadakia, kama anayenitetea. "Aliyeunda ni yeye."

"Kusema ndiko kwenyewe, mzee wangu," wakili akajibu. Akaeleza kwamba mvumbuzi ni yule aliyelifikiria lile linalodaiwa, hata kama hakushika bisibisi. Na kwamba sasa dai la kwanza tukilibana mpaka liwe na mawe ndani yake, ili lisimame, mawe ndiyo yanayolisimamisha. Majina yatakuwa mawili. Kasoro ya fomu ingerekebishwa, na mimi ndiye nitakayetia saini maelezo ya kwa nini ilikuwapo.

Shamba langu la mpaka baharini likawa kihamba cha migomba michache. Sentensi mpya ilichukua zaidi ya saa nzima. Tuligombania neno "ndani ya dakika moja". Wakili alitaka "ndani ya muda uliowekwa", maana mwizi angeweka dakika mbili akapita pembeni.

Mwisho akamsogezea mzee karatasi aandike jina lake kwa ukamilifu, lisije likakosewa. Mzee aliomba rula. Akapiga mstari kwanza, kama kwenye daftari la chama, kisha akaandika majina matatu, herufi zimesimama wima, za mtu aliyeandika kilo za watu miaka thelathini na moja. Akapuliza wino. Akauliza kama kuna safu ya kilo.

Saa kumi tulikuwa stendi tena. Konda mwingine, swali lile lile. Safari hii kikapu nilikibeba mimi, na nauli ya mawe nikalipa mimi.