Vyumba sita vya Ngamiani

Ukitaka kuielewa Ngamiani, sehemu ya mji wa Tanga iliyo ng'ambo ya reli, ingia ndani ya nyumba kwanza, ramani itafuata. Ramani yenyewe ni nyepesi. Reli imepita katikati: upande wa bahari ni mji wa serikali, bandari na maduka makubwa, na upande wa pili ni barabara zilizonyooka, zimepewa namba. Mpaka leo mtu wa Tanga akikuelekeza anasema "barabara ya 5" au "ya 12", na inatosha. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Ng'ambo ya reli ndiko Mwafrika alikotakiwa akae. Ila mistari ya ramani haikuelezi ilikuwaje Mnyamwezi, Mmakonde, Mrundi na Myao wakaweza kuishi paa moja na Mdigo na Msegeju wenye pwani yao.

Nyumba ndiyo inayoeleza. Mbele kuna baraza. Mlango uko katikati, unafungukia korido inayonyooka hadi mlango wa nyuma, na kila upande wa korido kuna vyumba vitatu. Nyuma ni ua: jiko, bafu, choo, na penye bahati kisima. Angalia milango ya vyumba: kila kimoja kinafungukia koridoni, hakuna unachokifikia kwa kupitia chumba kingine. Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kupangisha chumba kimoja kimoja, kwa watu wasiojuana kabisa, na yeye akabaki na kimoja au viwili. Mgeni aliyeshuka na sanduku lake hakuhitaji kiwanja wala jiko lake mwenyewe. Alihitaji kodi ya mwezi na adabu ya uani.

Na wageni walikuwa wengi kwa sababu ya mkonge. Richard Hindorf aliuleta 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa takriban tani 230,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikipitia bandari ya Tanga. Wenyeji waliokuwa na mashamba yao hawakuwa na haja ya kukata konge, hivyo wenye mashamba ya mkonge wakatafuta watu mbali: Unyamwezini, Usukumani, Kusini, Msumbiji, Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wakaunda SILABU, ofisi ya kuwaajiri kwa mkataba. Hao ndio manamba. Kipande chao, yaani kadi ya kazi, kilihesabu siku 30 za kazi iliyokamilika. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa, kwa hiyo "mwezi" wa kipande ungeweza kuwa mrefu kuliko wa kalenda. Mkataba ukiisha wengine walirudi kwao. Wengine walikuja mjini wakatafuta chumba, na kazi bandarini au relini.

Watu hawa hawakukaa tu kusubiri kulipwa. Tanga ndiko Martin Kayamba na wenzake walikoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali 1922, Waislamu na Wakristo pamoja. Mwaka 1939 wapagazi wa bandari waligoma. Vikawepo vyama vya kuzikana, maana mtu aliyekufa mbali na ukoo wake lazima apate wa kumwosha na kumchimbia, na utani wa tangu zama za misafara uliwapa Wanyamwezi na watu wa pwani haki na wajibu msibani. Ngoma nazo zilifuata mkondo huo. Jamhuri Jazz, bendi iliyovuma nchi nzima, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Nadhani jina lile la kwanza lingestahili kufundishwa shuleni. Soka ndiyo usiseme: African Sports ya 1936 na Coastal Union ya 1948, na 1988 Coastal ikachukua ligi ya Bara, Sports ikachukua ya Muungano.

Kuna jambo moja la kisheria linalosahaulika. Sheria ya 1971 ya kutwaa majengo iligusa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi ya ghorofa upande wa bahari yakaenda serikalini, kwa Msajili wa Majumba. Nyumba za udongo za Ngamiani hazikufikia kiwango hicho, zikabaki kwa wenyewe na warithi wao.

Kinachozimaliza sasa ni saruji. Ukuta wa zamani ni boriti za mikoko zilizosimamishwa, fito zimefungwa mlalo pande zote mbili, katikati mawe na udongo, juu umekandikwa. Unavuta unyevu wa ardhi na kuupumua. Ukiupiga lipu ya saruji unyevu unafungiwa ndani: mguu wa boriti unaoza, mchwa wanaingia, na lipu inabanduka kuanzia chini. Tumia chokaa iliyolala majini wiki kadhaa, kipimo 1 kwa 3 vya mchanga. Mchanga usiwe wa ufukweni, chumvi yake huvuta maji. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka jembamba, kisha kinga jua kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa.

Na kabla fundi hajagusa kitu, andika historia ya nyumba. Chora vyumba sita, na kwa kila chumba uliza nani alipanga, alitoka wapi, alifanya kazi gani, aliondoka lini. Usianze kwa kuuliza kabila. Wazee wengine hunyamaza hapo hapo. Miaka ya kalenda huchanganywa, hivyo uliza kwa matukio: kabla ya Uhuru au baada, kabla ya Azimio la Arusha, wakati wa vita vya Kagera. Majibu ya watu wawili yakipishana, andika yote mawili na jina la aliyesema. Nakala moja mwachie mwenye nyumba.