Jinsi nilivyoweza tena kumaliza kitabu, baada ya miaka miwili

Kila nikifungua kitabu, kurasa kumi tu, usingizi. Kesho yake nimesahau nani ni nani, narudi mwanzo. Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya fupi ya mwaka 1971, niliianza mara nne na kila mara nikaishia kulekule kijijini Ukerewe.

Nilijiwekea kurasa 50 kwa siku, nikashindwa siku ya tatu. Nikasomea kwenye simu, ujumbe ukawa unaingia kila dakika. Kitandani ndiyo kabisa.

Mwezi uliopita nilihamia alfajiri: dakika 20 baada ya swala, chai mezani, simu chumba kingine. Ilisaidia, ila kidogo. Kilichonitoa hasa ni mahali pa kuachia. Zamani niliacha mwisho wa sura, pale hadithi inapotulia, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunivuta kesho yake. Sasa naacha katikati ya tukio, watu wakiwa bado wanagombana, halafu naandika mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi: nani yuko wapi, anataka nini. Karatasi hiyohiyo ndiyo alama ya ukurasa. Asubuhi naisoma kwanza, na papo hapo nimeshaingia ndani.

Rosa niliimaliza siku ya sita. Ule ukali wa baba yake, Zakaria, uliniumiza sana, nikakaa kimya hadi chai ikapoa. Mwezi umeisha na vitabu vitatu.

Andika kwenye karatasi, si pembeni mwa ukurasa, hasa kama kitabu umekiazima.