Mzizi Ndani ya Ukuta wa Gede

Jirani anazima chokaa kwenye pipa leo. Harufu ile ya jiwe lililopata maji imenirudisha Gede, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili katika pwani ya Kenya, nyuma ya msikiti, asubuhi ile ya mkuyu.

Ulikuwa mchanga bado, unene wa kifundo cha mkono, umeota juu kabisa ya ukuta. Kima au ndege hula tunda, mbegu ikabaki na kinyesi kwenye ufa, mizizi ikashuka ndani ya chokaa ikitafuta ardhi. Ikishaifikia, hunenepa na kuyasukuma mawe ya matumbawe. Niliukata kwa msumeno, vizuri tu. Kisha nikaushika mzizi nikavuta.

Ulikuja kama shubiri moja, mbichi, unateleza. Ndani ya ukuta nikasikia chokaa ikimiminika kama mchele gunia likitoboka. Ukuta ukatoa tumbo. Mawe manne yakaporomoka, kila moja limefumwa kwa nyuzi za mizizi kama makumbi ya nazi, na kipande cha lipu kilichodumu tangu mji ukiwa na watu kikavunjika miguuni pangu.

"Acha, mwanangu!" fundi akapaza sauti. "Huo mzizi ndio unaoshika!"

Tukaegemeza magogo. Mzizi hauvutwi. Kisiki hukatwa usawa wa ukuta, na machipukizi hukatwa kila yanapotokea mpaka mzizi ufe na kusinyaa. Ndipo nyuzi zinachokolewa kidogo kidogo, na pengo linazibwa siku hiyohiyo: chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga usio na chumvi. Ukuta uloweshwe kwanza, kisha ufunikwe magunia mabichi wiki nzima, maana chokaa ikikauka haraka hugeuka unga. Saruji isiguse kabisa. Ni ngumu kuliko tumbawe, hufungia maji na chumvi ndani, na linalomong'onyoka ni jiwe.

Mawe tuliyarudisha. Lipu haikurudi.

Mikuyu mikubwa ndiyo inayonisumbua hadi leo. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, msitu ulikuwa umeshaumeza mji. Ukiukata mti mkubwa uliokumbatia ukuta, mizizi itaoza, pabaki mashimo, ukuta ukae chini. Ukiuacha, kila mvua unanenepa. Nimesimama mara nyingi mbele ya mmoja wao, nikatia kidole kati ya mzizi na jiwe. Zamani kilikuwa kinaingia.