Kipini cha bibi

Mwaka 1996 mjomba aliniazima kamera yake, Zenit ya Kirusi aliyorudi nayo kutoka masomoni, nzito kama tofali. Mkanda ulikuwa wa picha 36. Nilikuwa kidato cha tatu, na nyingi nilishazimaliza mitaa ya Ngamiani, hapa Tanga, kwa kuwapiga rafiki zangu walioegemea baiskeli, mkono mmoja mfukoni, wote wamenuna kama wanaidai dunia.

Zilipobaki chache nikaingia jikoni kwa bibi. Saa kumi na mbili na ushei. Alikuwa juu ya kigoda, anageuza vitumbua kwa kijiti, na mwanga wote ulikuwa ule wa mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeamka na njaa au umeamka na deni?"

Bibi na picha walikuwa mbalimbali. Ukimwomba, atakwambia ngoja nibadilishe kanga, na akishabadilisha anakaa mkavu kama yuko mbele ya hakimu. Kwa hiyo sikumwomba. Nilifungua lenzi mpaka mwisho, nikaweka mwendo kwenye 30, yaani sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Zenit ile haina mwendo wa taratibu kuliko huo, labda uache pazia lake wazi kwa kidole. Mjomba alishanionya: ukifika hapo, akitikisika mmoja wenu, basi tena. Nikabana viwiko mbavuni, nikashika pumzi.

Mimi nilitulia. Bibi aliinua macho, akaniona, akaangua kicheko huku akigeuza uso. Kamera ikalia *klak*.

Baada ya wiki mbili nikaenda kuchukua picha zangu studio. Fundi alinihesabia zilizotoka, kisha akasukuma moja pembeni. "Hii imeharibika, sikutozi." Ningeiacha palepale kaunta. Kilichonifanya niitie mfukoni ni ubahili tu. Cha bure hakiachwi.

Nikaitazama njiani, chini ya mwarobaini. Birika lililokuwa rafuni nyuma ya bibi limetoka safi, hadi kile kibonyeo chake ubavuni unakiona. Chuma cha vitumbua nacho safi. Bibi mwenyewe ni wingu la kanga. Uso umekwenda upande, mdomo umekuwa mpana kuliko mdomo, na kile kipini chake cha puani kimechora mstari mweupe mwembamba, kama uzi, kutoka pua ilipokuwa hadi pua ilipofika. Nikautazama sana ule uzi. Kichwa cha bibi kilikuwa kinakwenda hivyo hivyo akicheka, kwanza juu kidogo, ndipo pembeni.

Alipofariki, picha yake iliyokuwa wazi ilikuwa ile ya kadi ya mpiga kura. Kila kunyanzi limo. Lakini ukitazama kadi ile utadhani mama huyu hakuwahi kumtania mtu maishani mwake.

Mwaka jana mpwa wangu aliiona ile ya jikoni, akasema simu yake ina programu ya kusafisha picha. Dakika moja haikuisha. Akatoka bibi mmoja mzuri, ngozi laini, kipini kimekuwa nukta, na meno yamepangika juu na chini. Marehemu bibi hakuwa na meno ya juu ya mbele tangu nimjue. Kijana hakukosea, simu ilipokosa uso ikajitungia wake.

Tukampelekea mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye sasa ana mtoto wa jicho. Akaiweka simu karibu na pua. "Huyu nani?"

Nikampa ile ya karatasi. Hata hakuisogeza. Akacheka, kichwa juu kidogo, kisha pembeni.

"Anakugombeza kwa kanga ya jikoni, sio?"

"Ndiyo, mama. Akasema, we mume wangu, ndo unanipiga hivi hivi?"

"Na vitumbua je? Maana hapo kijiti kakiachia."

"Viliungua saba. Akanilisha vyote."