Siku moja shuleni Niigata: mwalimu wa Kiingereza kutoka Mombasa

Saa 12:15 asubuhi
Naamka na pumzi yangu naiona. Nyumba nyingi za huku hazina joto la kupita vyumba vyote. Unapasha chumba ulichomo, vingine unaviachia baridi yake. Ni Februari, na mkoa wa Niigata ni katika sehemu zenye theluji nyingi Japani, kwa hiyo kabla ya chai ni koleo. Barabara kubwa ina mabomba yaliyofukiwa katikati, yanarusha maji ya chini ya ardhi ili theluji iyeyuke. Theluji inayeyuka kweli, lakini njia nzima inageuka dimbwi. Ndiyo maana utaniona na suti na tai, na miguuni buti za mpira.

Saa 1:50
Mlangoni pa shule kila mtu ana kisanduku chake cha viatu. Buti zinabaki hapo, navaa viatu vya ndani visivyokanyaga nje hata siku moja. Ofisi ya walimu ni ukumbi mmoja, meza zimebanana, naibu mwalimu mkuu amekaa mbele anapomwona kila mtu. Ukiingia unasema “ohayō gozaimasu”, yaani habari za asubuhi, kwa sauti. Hakuna anayeinua kichwa. Usiposema ndipo vichwa vinapoinuka.

Kwenye kikao cha asubuhi tunasimama, tunainama, matangazo yanasomwa mbio. Ninachokidaka ni tarehe na habari za homa ya mafua. Yaliyobaki mwalimu mwenzangu ananiandikia kwenye kikaratasi.

Cheo changu ni ALT, mwalimu msaidizi wa lugha. Baadhi yetu huletwa na JET, mpango wa serikali ya Japani ulioanza 1987. Mimi niliajiriwa na bodi ya elimu ya mji. Darasa ni la mwalimu Mjapani, mimi ni wa pili wake. Kuna wasaidizi wanaolalamika kwamba wamefanywa kinasa sauti: soma, rudia, keti. Bahati yangu mwalimu ninayefundisha naye huniachia nusu ya kipindi nifanye nitakavyo.

Saa 2:50
Mwaka wa kwanza wa shule ya kati, watoto wa miaka 12 na 13, kipindi cha dakika 50. Leo ni matamshi. Kwao “milk” ni miruku, “bus” ni basu, “table” ni tēburu. Wenzangu wa kutoka Marekani hukuna vichwa wakisikia hivi. Mimi nacheka moyoni, maana sisi tuliotoka na basi, benchi na shati tutamcheka nani? Hata irabu zao ni zetu zilezile tano. Kwa hiyo simkemei mtu, tunapiga makofi. Miruku makofi matatu, “milk” kofi moja tu. Wanajaribu kulibana neno zima ndani ya kofi moja, midomo inapinda, darasa linavunjika mbavu, na katikati ya kicheko hicho wapo wanaolipata.

Kisha nawaambia kwamba Kiingereza nami nilikikuta shuleni, nyumbani kwetu ni Kiswahili. Huwa wananyamaza wakitazamana. Walidhani kila mgeni amezaliwa nacho. Kwa maoni yangu sentensi hiyo inawafaa kuliko kadi zote za picha nilizonazo mezani.

Mwaka wa tatu ni habari nyingine. Mtihani wa kuingia shule za juu za mkoa ni Machi, hakuna makofi wala michezo. Nasoma vifungu vya kusikiliza mara mbili, polepole kama mtihani utakavyosomwa. Hapa kinasa sauti ndicho wanachokihitaji, nami nakubali kuwa hicho.

Saa 5:50
Kipindi cha nne sina darasa, na majira haya adhuhuri inaingia karibu na saa sita. Naswali kwenye chumba cha walimu cha kubadilishia nguo. Naibu mwalimu mkuu aliniuliza mara moja tu nahitaji nafasi kubwa kiasi gani, nikamwonyesha mkeka, yakaisha.

Saa 6:40
Chakula. Hakuna kantini, wanafunzi wenyewe, kwa zamu, wanavaa makoti meupe na kofia, wanapakua darasani. Mwalimu mkuu ameshaonja mapema, maana ndiye wa kwanza kula ili kikiwa na kasoro kijulikane kabla ya watoto. Orodha ya mwezi mzima hutolewa mapema, imeandikwa kila kilichomo, naipitisha kwenye kamera ya simu kutafuta nguruwe. Siku za kari ya nguruwe nakuja na kontena langu. Leo ni samaki, wali wa Niigata na maziwa ya mililita 200, kwa hiyo nakula na wenzangu. Wali wao unanata, mzuri ajabu, lakini wa nazi haujapata mpinzani.

Baada ya hapo kila mtu anashika kitambaa na ufagio, mimi zamu yangu ni ngazi za ghorofa ya pili.

Saa 9:50
Vilabu vya michezo vinaanza. Kikundi cha riadha kinakimbia kwenye korido kwa sababu uwanja umezikwa, nao hawachoki kunialika. Mkenya akija Japani anatarajiwa awe na mbio. Samuel Wanjiru alisoma sekondari Sendai kabla ya dhahabu yake ya marathoni Beijing 2008. Nimewaeleza kwamba Mombasa tunatembea, tena kivulini. Hawaamini.

Saa 10:45
Naaga kwa kuomba radhi kwamba natangulia, ndivyo desturi ilivyo. Walimu wenyewe bado wapo. Utafiti wa 2018 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ulikuta mwalimu wa shule ya kati Japani anafanya kazi saa 56 kwa wiki, nyingi kuliko nchi zote zilizopimwa, na ukikaa ofisini humu utaona saa hizo zinakwenda wapi: vilabu, karatasi, simu za wazazi. Saa zangu za mkataba ni chache zaidi, na sioni uungwana wowote katika kujifanya siku hiyo inanichosha kama wao.

Jioni mama ananipigia, kwao bado mchana. “Umekula, mwanangu?” Nampa ripoti ya samaki huku nakata kadi. Kesho ni zamu ya shule ya msingi, darasa la tano. Kiingereza kwao ni somo rasmi tangu Aprili 2020. Mada ni wanyama, na najua swali la kwanza litakuwa kama nyumbani kwetu kuna simba. Nimechora kunguru wa Mombasa na mbuzi wa jirani.