Binti yangu kasomea ugaidi

Ilikuwa harusini, mtaa wa Langoni, Lamu, ukumbi umejaa wanawake na udi, mama yangu akanishika mkono kunitambulisha kwa mgeni wa Mombasa. "Huyu ndiye wangu mkubwa. Kasomea ugaidi."

Gilasi ya sharubati ya yule mama ikasimama njiani. Haki yake. Mtu akisomea udaktari huwa daktari, akisomea ualimu huwa mwalimu, sasa mimi nimekuwa nani? Shangazi akaona aniokoe: "Asomesha chuo, Nairobi." Kwetu Lamu chuo ni cha Kurani, kwa hiyo alizidi kuharibu. Tangu siku hiyo nikiulizwa kazi yangu nasema nafundisha mambo ya siasa, na watu hunionea huruma badala ya kuniogopa.

Kazi yenyewe ni sosholojia ya siasa, na fungu langu ni ugaidi na itikadi. Sikuichagua kwa sababu ya bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998, ingawa ndivyo nilivyoandika kwenye maombi yote ya ufadhili. Nilikuwa msichana wa sekondari, na watu zaidi ya 200 waliokufa Nairobi niliwaona gazetini tu. Kilichonivuta kilikuwa Siyu, kijiji cha kisiwa cha Pate, kwetu Lamu. Novemba 28, 2002 hoteli ya Kikambala, karibu na Mombasa, ikalipuliwa, na baada ya hapo ikajulikana kwamba Fazul Abdullah Mohammed, aliyekuwa akitafutwa tangu 1998, aliishi Siyu kwa jina jingine, akafundisha madrasa na kuoa huko huko. Nilipokuja likizo nikakuta watu wanazipitia upya kumbukumbu zao. Kila alichowahi kufanya yule mtu, hata kununua samaki, kilikuwa kimegeuka dalili. Kule kunyamaza kwake, ambako mwaka uliopita kulikuwa adabu, sasa kulikuwa hila. Nikajiuliza: mwaka uliopita walimwona nani? Hilo ndilo swali langu la kwanza la utafiti, na sina hakika kama nimewahi kupata jingine zuri zaidi.

Chuo kikuu nikakuta wenye fani hawajakubaliana hata neno. Mtafiti Alex Schmid, katika miaka ya 1980, alikusanya maana 109 za neno ugaidi. Aliyenifaa zaidi alikuwa Charles Tilly, mwanasosholojia Mmarekani, ambaye mwaka 2004 alishikilia kwamba kutia watu hofu ni mbinu inayotumiwa na watu wa kila aina, serikali zikiwamo, wala si kabila la watu wenye roho moja. Basi usitafute "gaidi ni mtu wa namna gani", tafuta nani aliitumia mbinu hiyo, lini, na pamoja na nani. Ukishalishika hilo, nusu ya mialiko ya makongamano unaweza kuikataa bila kuisoma.

Kulishika hilo kitabuni na kulishika Kizingitini, kijiji cha wavuvi kisiwani Pate, ni mambo mawili. Mwaka 2016 nilikwenda Pate na fomu. Swali lake la 14 liliuliza kama kijijini kuna watu wenye itikadi kali, nawe ujibu kwa moja mpaka tano, moja ukikataa kabisa, tano ukikubali kabisa. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya tenga kuukuu, anashona jarife, wavu mkubwa wa bahari. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Itikadi kali ndiyo ipi, mwanangu? Mimi naitakidi kuwa Mngu ni mmoya. Hiyo ni kali?"

Nikasema hapana, mzee, maana yake si hiyo.

"Basi ni laini? Niandike moya?"

Vijana waliokuwa wakipima kamba wa bahari kwenye mizani pembeni wakaangua kicheko. Na tafsiri ya fomu ile nilikuwa nimeifanya mwenyewe. Mimi niliyesomeshwa itikadi chuoni kwa fimbo, nikijua ndiyo nguzo ya dini ya mtu, nilikuwa nimelichukua neno lile lile, nikaligongomea "kali" nyuma yake, nikaja kumpimia mzee wa watu. Redioni nalisikia kila siku na halinishtui. Mdomoni mwangu, mbele ya mzee mwenye sindano ya nyavu mkononi, lilinuka.

Alichotaka kunieleza yeye kilikuwa usiku. Kwa ajili ya mashambulizi, wavuvi walikuwa wamekatazwa kuvua usiku. Jarife hutegwa magharibi likavutwa alfajiri. Ukilitega mchana samaki analiona. Akanionyesha matundu kwa kidole: haya ya pomboo, haya ya mwamba, haya ya panya, kwa kuwa limekaa ghalani. Watatu kati ya mabaharia wake walikuwa wameshaacha bahari. Mmoja aendesha bodaboda Mokowe, mmoja yuko Mombasa, wa tatu akanyamaza, nami sikumuuliza. Nikaandika kurasa nne za nyavu na bamvua. Waliotuajiri kwa utafiti ule, kampuni ya ng'ambo, walizikata zote. Pembeni mwa rasimu waliandika kwamba ziko nje ya mada.

Rasini nako bibi mmoja Mbajuni hakulitumia neno ugaidi hata mara moja, na tulikaa naye saa mbili. Wote kwake ni shifta, jina la zamani la wenye bunduki wa mpakani. Walioitoa familia yake bara katika miaka ya sitini, yeye akiwa mwari, ni shifta. Waliochoma nyumba juzi ni shifta. Na kuna wakati nilishindwa kujua kama anasema habari za waliovamia au za waliotumwa kuwafukuza. Fomu yangu ilianzia 2011, mwaka wa utekaji wa Kiwayu na Manda na wa jeshi letu kuvuka kwenda Somalia. Yake ilianzia kwenye mwembe wa baba yake, ambao hajauona tena.

Mpeketoni, mji wa Lamu ya bara, sitaiandika sana. Juni 15, 2014, watu wanatazama Kombe la Dunia, wakauawa zaidi ya 60 usiku ule na uliofuata huko na jirani. Al-Shabaab wakasema ni wao. Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, akasema ni mtandao wa wanasiasa wa hapa hapa. Tangu hapo kila mtafiti anayeshuka jetini ameshachagua upande kabla hajapata punda wa kumbebea mzigo: ama dini, ama ardhi, kwa kuwa Mpeketoni ni skimu ya miaka ya sabini iliyopewa watu wa kutoka juu, mbali na pwani. Mimi naona waliokuja kuua walijua vizuri kidonda kiko wapi, wakakitia kidole, na kidonda hakikuwa chao. Lakini nilisoma na msichana wa Mpeketoni, na nilipokwenda kumpa pole mama yake hakuniuliza dini wala ardhi. Aliniuliza kwa nini usiku ule ulikuwa mrefu vile.

Kuna mama mwingine, simtaji wala mtaa wake. Mwanawe "amesafiri". Hivyo ndivyo asemavyo, amesafiri, kama aliyekwenda Oman kutafuta. Kila mwezi hununua vocha ya shilingi ishirini akaitia kwenye laini ya kijana, apige simu moja kwenda kwake mwenyewe, ili kampuni isiifunge namba. Simu ya kijana huilaza chini ya mto. Alipiga mbele yangu. Ya mkononi mwake ikaita, jina la mwanawe likatokea kwenye kioo, akaliangalia mpaka likazimika. Usiku huo nilikaa na orodha yangu ya vichwa vya uchambuzi, marafiki, deni, mahubiri, manung'uniko, sikujua hilo niliweke chini ya kipi. Halijapata kichwa mpaka leo.

Maneno ya watu kama hao sirekodi. Naandika kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyoandika babu hesabu za jahazi, maana ni wachache siku hizi wanaoweza kuyasoma. Nilijiona mwerevu mpaka siku basi liliposimamishwa njiani kurudi Mombasa na kijana wa kizuizini akalifungua daftari. Nilikaa juu ya gogo saa tatu, abiria wananitazama dirishani, mpaka akaletwa mwenzake aliyepita madrasa. Bahati yangu ukurasa ulikuwa wa bei za Kizingitini. Akausoma kwa sauti, akikwama kwama: kamba, kilo, shilingi. Akanirudishia. "Mwalimu, andika kama watu wengine."

Halafu ikaja Shakahola, msitu wa upande wa Malindi alikokuwa mhubiri mmoja na wafuasi wake. Nilikuwa Malindi Aprili 2023 kwa shughuli nyingine kabisa, makaburi yalipoanza kufukuliwa. Miili ikapita 400, watu waliofunga mpaka wakafa kwa kungoja kumwona Yesu, watoto wengi humo. Kwenye kibanda cha chai nilichozoea nilisikia dhehebu, nilisikia imani potofu, nikasikia shetani. Ugaidi sikuusikia. Januari 2024 mhubiri na wenzake wakafikishwa mahakamani Mombasa kwa mashtaka ya ugaidi, wakakana, na simu yangu ikaanza kulia: Daktari, wewe si ndiyo mambo yako?

Nikafungua sanduku la fomu zangu zote, kuanzia ya kwanza. Swali la itikadi kali nimewauliza watu mamia, Lamu, Pate, Mombasa, mpaka Garissa. Sikuwahi kulipeleka kanisani hata mara moja. Wala hakuna aliyewahi kunituma. Nimekaa Malindi mara ngapi, nikila viazi karai barabarani, sikupiga hodi kwenye kanisa hata moja na swali la 14. Na lau ningepiga, najua wangenijibu kama yule mzee, na wangekuwa na haki.

Mwezi uliopita nilirudi Kizingitini. Yule mzee bado yupo, macho yamepungua, nyavu anashona kwa kupapasa. Akaijua sauti.

"Umekuya na ile karatasi ya kali?"

Nikamwambia nimekuja na daftari tupu.

"Haya, keti. Lakini usikae sana. Mai yakitoka hupiti mfereji wa Mkanda, utalala huku."

Nikakaa. Akanipa ncha ya wavu niishike.